Kuwinda tetemeko la Jua ukiwa Nairobi: mwongozo kamili, kutoka mwako hadi viwimbi

Swali lilitoka dawati la nyuma, katika darasa la Jumamosi ninaloliendesha huku Eastlands. Nilikuwa nimemaliza kueleza mitetemo ya Bonde la Ufa, ile ambayo mara mojamoja hugonganisha vikombe kabatini hapa Nairobi, na tetemeko kubwa la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lililofikia kipimo cha 6.9. Nikaongeza kwa kupitia tu kwamba hata Jua hutetemeka. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono. "Mwalimu, Jua lina mawe gani ya kutetemeka?"

Jibu fupi sikuwa nalo. Baada ya Jumamosi kadhaa tulikuwa tumejibana watu saba mbele ya laptopu moja, tukayaona mawimbi yenyewe yakitawanyika kwenye uso wa Jua. Mwongozo huu ni njia tuliyopita, pamoja na mashimo tuliyotumbukia. Unahitaji laptopu ya kawaida, intaneti, ujuzi kidogo wa Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) na uvumilivu mwingi. Darubini haihitajiki. Na tafadhali usilikodolee Jua: hutaona hata dalili ya tetemeko, na macho hayana spea Kirinyaga Road.

Kabla ya kuwasha laptopu: unatafuta nini hasa

Jua halina mawe. Ni mpira wa gesi moto wenye kipenyo cha takriban kilomita milioni 1.39, na uso wake tunaouona, yaani fotosfia, una joto la karibu nyuzi 5,500 za Selsiasi. Gesi ikisukumwa humsukuma jirani yake, jirani naye humsukuma wa mbele, na msukumo huo unaosafiri ndio sauti. Kwa hiyo mtetemo tunaouwinda ni mawimbi ya sauti. Yale mawimbi mengine ya matetemeko ya ardhini, yanayoutikisa mwamba kushoto na kulia, huku hayapo, kwa sababu gesi haina ugumu wa kuyabeba.

Jua hutetemeka wakati wote hata bila kupigwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Leighton na wenzake huko Marekani waligundua kwamba uso wake hupanda na kushuka kwa mdundo wa dakika tano hivi. Mdundo huo hutokana na gesi inayotokota chini ya uso, kama sufuria ya uji inayocheza kwenye jiko bila mtu kuigusa. Shika hilo, maana kelele hii ya dakika tano ndiyo itakayotusumbua mbele.

Tetemeko la Jua ni jambo tofauti: pigo moja, la ghafla, mahali padogo, tena kutoka juu. Hapo ndipo lisipofanana na la Subukia. La ardhini huzaliwa chini, mwamba uliobanwa unapokatika. La Jua huanzia katika angahewa yake, juu ya madoa meusi, ambako uga wa sumaku umesokotwa kama kamba ya kisima. Kamba zikikatika na kuungana upya, nishati humwagika, nao ndio mlipuko wa Jua. Sehemu ndogo mno ya nishati hiyo, chini ya moja kwa elfu, huigonga fotosfia na kuanzisha mawimbi.

Charles Wolff alibashiri mwaka 1972 kwamba mlipuko mkubwa ungeweza kulitikisa Jua. Ushahidi ulisubiri hadi mlipuko wa daraja la X2.6 (X ndilo daraja la juu kabisa, nitayaeleza mbele) wa tarehe 9 Julai 1996, ulionaswa na kifaa cha MDI kwenye SOHO, chombo cha angani kinacholitazama Jua. Alexander Kosovichev na Valentina Zharkova waliichambua data hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 1998: viwimbi vya duara vilivyoenea hadi kilomita 120,000 kutoka mahali pa pigo. Zipange Dunia tisa zikigusana, na bado hujafika.

Viwimbi hivyo vilikuwa na tabia ambayo huioni ukitupa jiwe kwenye bwawa. Kadiri vilivyokwenda mbali ndivyo vilivyozidi kuwa na kasi, kutoka takriban kilomita 10 kwa sekunde hadi zaidi ya 100. Darasani hatukuelewa mpaka mmoja wetu alipoileta mfano wa baipasi.

Chukua madereva wawili wanaotoka Mombasa Road kwenda Kikuyu. Mmoja anapita mjini, anakwama kwenye taa, anasonga hatua kwa hatua hadi Waiyaki Way. Mwingine anashika Southern Bypass; anazunguka, lakini njia ni nyeupe na anakanyaga mafuta. Ndani ya Jua, kadiri unavyozama ndivyo joto linavyopanda, na sauti hukimbia zaidi penye joto. Wimbi linalopigwa kuelekea chini hupindwa polepole na mabadiliko hayo ya kasi, likageuka na kurudi juu. Lililozama kidogo hutokea karibu. Lililozama sana hutokea mbali, lakini limepitia baipasi, kwa hiyo halichelewi kwa kiasi ambacho ungetarajia. Duara tunaloliona likipanuka, basi, si wimbi linalotambaa juu ya uso. Ni foleni ya mawimbi yanayochomoza kutoka chini, kila moja mahali pake na kwa zamu yake.

Kutokana na hilo, viwimbi havionekani wakati wa mlipuko. Vya kwanza huchomoza umbali wa kilomita 18,000 hivi kutoka mahali pa pigo, takriban dakika 20 baadaye. Wengi hukosa tetemeko kwa sababu wanakodolea mwako, na mwako ukizimika wanafunga laptopu. Ukisahau mengine yote humu, kumbuka hili: tazama pembeni, dakika ishirini baada ya mwako.

Hatua ya kwanza: kuchagua mlipuko

Milipuko hupimwa kwa eksirei zinazofika kwenye setilaiti za GOES za Marekani, na kupewa madaraja A, B, C, M na X. Kila daraja ni mara kumi ya lile lililo chini yake. X1 ni wati 0.0001 kwa kila mita ya mraba. Orodha za milipuko, pamoja na saa zake, ziko wazi kwa yeyote kwenye tovuti ya kituo cha hali ya anga za juu cha NOAA. (Tusijione wageni kwenye mambo ya eksirei za angani. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya astronomia ya eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu.)

Hapa wanaoanza huteleza. Wanachukua mlipuko mkubwa kuliko yote, wakidhani ngoma kubwa lazima itoe tetemeko kubwa. Si hivyo. Katika mzunguko wa 24 wa Jua (kipindi cha miaka kumi na moja hivi cha Jua kuchangamka na kutulia), ulioisha mwaka 2019, watafiti waliichunguza mamia ya milipuko ya M na X, na iliyotoa matetemeko haikufika hata robo. Ipo milipuko ya X iliyopita kimya, na upo wa M9.3, wa tarehe 30 Julai 2011, uliolitikisa Jua kwa nguvu. Kinachoonekana kuwa na uzito ni jinsi pigo lilivyo la ghafla na jinsi lilivyokusanyika mahali padogo. Kofi na ngumi vinaweza kubeba nguvu sawa, lakini ukutani havifanyi kazi moja.

Kwa hiyo chagua mlipuko ambao mstari wake wa eksirei unapanda wima, kwa dakika chache, badala ya ule unaopanda polepole kama kilima cha Limuru. Uwe karibu na katikati ya sahani ya Jua, kwa sababu tutapima gesi inayokuja kwetu na kwenda zake. Pembezoni, kupanda na kushuka kwa gesi huwa ubavuni mwetu na kipimo hakikioni vizuri. Na uwe wa baada ya Mei 2010, ili upate data ya SDO, chombo cha angani cha NASA kinacholitazama Jua, kilichorushwa tarehe 11 Februari mwaka huo.

Kwa mara ya kwanza, usijitafutie shida. Chukua mlipuko wa X2.2 wa tarehe 15 Februari 2011, kwenye eneo la madoa namba 11158. Ulikuwa wa kwanza wa daraja la X katika mzunguko huo, ulitokea si mbali na katikati, na tetemeko lake limechunguzwa na wengi. Ukikosea, utajua kosa ni lako.

Hatua ya pili: saa

Sehemu hii ni fupi lakini ilinigharimu bando zima. Orodha zote hutumia saa ya UT, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima. Nairobi iko mbele kwa saa tatu. Sisi nasi tunahesabu saa kwa Kiswahili, tukianzia jua kuchomoza, na vichwa vyetu hurukaruka kati ya hesabu hizo tatu bila kutuaga. Mara ya kwanza nilibadilisha saa ya UT kuwa ya Nairobi, nikaiandika kwenye fomu inayotaka UT, nikapakua saa mbili za Jua lililotulia tuli.

Njia rahisi: toa tatu kwenye saa ya UT, upate saa ya Kiswahili moja kwa moja. Ikishuka chini ya moja, ongeza kumi na mbili; ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili. Kilele cha mlipuko wetu ni 01:56 UT. Moja toa tatu, ongeza kumi na mbili, unapata kumi: yaani saa kumi na moja kasoro dakika nne alfajiri. Nairobi ilikuwa bado gizani, watu wa Githurai wakijipanga foleni ya matatu za kwanza. Lakini kwenye fomu andika UT, daima.

Hifadhi ya data yenyewe hutumia saa iitwayo TAI, ambayo mwaka 2011 ilikuwa mbele ya UT kwa sekunde 34. Picha zetu ni za kila sekunde 45, kwa hiyo kwa zoezi la kwanza hilo halikuumizi. Ukianza kulinganisha na eksirei kwa sekunde, litakuumiza.

Hatua ya tatu: kuzoea mahali

Fungua tovuti ya Helioviewer, weka tarehe, kisha chagua picha za kifaa cha AIA kwenye SDO, zile za urefu wa wimbi wa angstromu 1600. Utaona mistari miwili ya mwanga ikiwaka juu ya madoa na kutengana taratibu. Hizo ni nyayo za kamba za sumaku, mahali ambapo nishati inatua. Andika mahali zilipo nukta zinazowaka ghafla kupita nyingine. Pigo la tetemeko huwa kwenye mojawapo ya hizo, mara nyingi ukingoni mwa doa. Dakika kumi zinatosha hapa.

Hatua ya nne: kuomba kipande cha data

Data tunayoitaka inatoka kwenye kifaa cha HMI cha SDO, na imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Stanford, kwenye mfumo uitwao JSOC. Haina malipo, unasajili barua pepe tu. Jina la mfululizo ni hmi.V_45s. Hizo ni ramani za kasi: kila nukta inakuambia gesi pale inakuja kwetu au inaenda zake, kwa mita ngapi kwa sekunde. Kifaa hupata jibu hilo kwa kupima jinsi mstari mmoja mwembamba ambao madini ya chuma huuacha kwenye mwanga mwekundu, penye angstromu 6173, unavyosogea. Ni kanuni ileile ya king'ora cha ambulensi kinachobadilika sauti ikikupita Ngong Road. Kwenye data hii namba chanya ni gesi inayotukimbia, usiibebe kinyume.

Usipakue Jua zima. Ramani moja ina nukta 4096 kwa 4096, na saa mbili za ramani kila sekunde 45 ni ramani 160. Hizo ni gigabaiti kadhaa, na zikifika katikati stima inapotea. Kwenye fomu ya kuomba kuna chaguo liitwalo im_patch. Linakukatia kipande na kukifuata huku Jua likizunguka. Kufuata ni muhimu kuliko linavyosikika: gesi karibu na ikweta ya Jua hukimbia kama kilomita 2 kwa sekunde, ambazo kwa saa mbili ni zaidi ya kilomita 14,000, au nukta 40 za ramani. Bila kufuata, mahali pa pigo patakuhama machoni.

Omba kipande cha nukta 600 kwa 600, kitovu chake kikiwa eneo 11158, kuanzia 01:30 hadi 03:30 UT. Nukta moja ni kilomita 360 na ushee, kwa hiyo una uwanja wa kilomita 200,000 na zaidi kila upande. Omba pia hmi.M_45s, ramani za sumaku, kwa muda uleule. Zitakuja na kazi baadaye. Laptopu ikiwa nzee kama yangu, fanyia hesabu kwenye Google Colab: data inabaki kwenye kompyuta za mbali na bando linabeba picha za mwisho tu.

Hatua ya tano: kusafisha

Fungua ramani kwa maktaba ya SunPy uzipange kuwa mchemraba mmoja: pande mbili ni mahali, wa tatu ni muda. Ukiichora ramani ya kwanza ilivyo, utaona mteremko wa rangi tu. Huo ni mzunguko wa Jua pamoja na mwendo wa chombo chenyewe, kinachoizunguka Dunia na kuongeza au kupunguza kilomita kadhaa kwa sekunde kulingana na saa. Viwimbi vyetu ni mita makumi kwa sekunde, vikijitahidi sana mia na zaidi. Ni kama kutafuta mtu anayenong'ona Gikomba siku ya kufunguliwa marobota.

Dawa ya haraka ni kutoa: kila ramani itolewe iliyotangulia. Yanayobadilika polepole, kama mzunguko na mwendo wa chombo, hufutika karibu yote. Yanayobadilika haraka hubaki. Darasani tuliishia hapo Jumamosi ya kwanza, na tayari kulikuwa na watu walioapa wameona duara. Hawakuwa wameliona. Walichokiona kilikuwa kitu tofauti kabisa.

Hatua ya sita: kuchuja mdundo wa dakika tano

Ile sufuria ya uji sasa ndiyo iliyobaki. Mdundo wa dakika tano ni milihezi 3.3 hivi, yaani mitikisiko 3.3 kwa kila sekunde elfu moja. Pigo la mlipuko, kwa kuwa ni la ghafla, lina nguvu pia kwenye midundo ya haraka zaidi, ambako kelele ya kawaida ya Jua ni hafifu. Kwa hiyo tunafunga masikio kwa midundo ya polepole na kusikiliza kati ya milihezi 5 na 7, yaani mizunguko ya sekunde 143 hadi 200.

Kwenye SciPy, maktaba ya hesabu ya Python, tengeneza kichujio cha Butterworth cha mipaka hiyo, ukiambie kuwa sampuli huja kila sekunde 45, kisha kipitishe kwenye mhimili wa muda kwa filtfilt. Amri hiyo huchuja kwenda mbele na kurudi nyuma, ili viwimbi visicheleweshwe na kichujio chenyewe. Usitumie kichujio cha njia moja. Sisi tulikitumia, na viwimbi "vikachelewa" kwa dakika ambazo tuliketi kuzitafutia sababu za kifizikia. Tupa pia ramani chache za mwanzo na za mwisho, kwani kichujio hupepesuka kwenye kingo.

Hatua ya saba: filamu

Tengeneza filamu ya rangi mbili, nyeupe na nyeusi, mipaka ya rangi ikianzia mita 200 kwa sekunde kila upande, kisha uishushe hadi viwimbi vijitokeze. Kati ya 01:48 na 01:56 utaona nukta kali zikimeta karibu na madoa. Furahi, lakini usiziamini sana kama kipimo cha kasi. Wakati wa mlipuko, umbo la mstari wa chuma lenyewe huvurugika, na kifaa kinaweza kusoma kasi ambayo haipo. Nukta hizo zinakupa mahali pa kuanzia.

Halafu ngoja. Kuanzia karibu 02:10 hadi 02:30 UT, tazama umbali wa nukta 50 na zaidi kutoka kwenye nukta kali. Rudia filamu mara ishirini. Jicho huzoea, kama unavyozoea giza ukiingia ndani kutoka juani, na ghafla kuna pinde zinazotoka nje, mbili au tatu zikifuatana.

Usitarajie duara kamili. Matetemeko mengi hurusha viwimbi vyake zaidi upande mmoja, na hili ni mojawapo. Sababu moja ni kwamba chanzo kinaweza kuwa kinasogea huku kikipiga. Nyingine ni madoa yenyewe, ambayo humeza na kupinda mawimbi yanayoyapitia.

Hatua ya nane: mchoro unaotoa ushahidi

Filamu hushawishi, lakini mchoro wa umbali na muda ndio unaosimama mahakamani. Chagua nukta ya pigo. Chora miduara kuizunguka, mmoja ndani ya mwingine, upana wa nukta mbili tatu. Kwa kila ramani, tafuta wastani wa kasi ndani ya kila mduara. Kisha panga wastani hizo: muda ukipanda, umbali ukienda kulia.

Ukipata wastani wa duara zima unaweza usione kitu, kwa sababu upande wenye viwimbi umezamishwa na upande usio navyo. Kata kipande, kama cha chapati, kuelekea upande ulioona pinde kwenye filamu, nyuzi 60 hadi 90, na wastani uwe wa kipande hicho pekee.

Tetemeko la kweli litatoka kama utepe uliopinda. Unaanza karibu na kilomita 18,000, dakika 20 hivi baada ya pigo, ukiwa umesimama wima, kisha unalala kadiri umbali unavyoongezeka. Kulala huko ndiyo baipasi yetu: umbali mkubwa unapitwa kwa muda mdogo. Utepe ulionyooka si tetemeko. Utepe unaoanzia sifuri wakati wa mwako pia si tetemeko. Huo ni mwanga au mtikisiko wa madoa.

Darasa lilipoona mkunjo huo kwenye skrini, yule msichana wa dawati la nyuma hakushangilia. Aliomba tuirudie hesabu kwa siku ambayo hapakuwa na mlipuko. Nilitamani kukataa, kwa sababu ilikuwa imekaribia saa nane na njaa ilikuwa inauma. Alikuwa sahihi.

Hatua ya tisa: kujitilia shaka

Chukua eneo lilelile, saa nyingine kumi tulivu, fanya kila kitu vilevile. Kelele ya Jua hutengeneza pinde za bahati, na jicho linalotaka kuona litaona. Kama utepe wako hauzidi waziwazi zile kumi, huna tetemeko. Sogeza pia kitovu cha miduara kwa nukta 10 kila upande: utepe wa kweli hung'aa zaidi kitovu kikiwa mahali sahihi, ukafifia ukisogea.

Watafiti huongeza njia nyingine, ya holografia ya sauti, iliyoendelezwa na Charles Lindsey na Douglas Braun. Unachukua viwimbi vilivyoonekana mbali, unavirudisha kwa hesabu hadi vilipotoka, kama mkanda unaorudishwa nyuma, na chanzo kinawaka kwenye ramani. Hesabu yake ni nzito kwa laptopu ya Eastlands, kwa hiyo naiacha.

Hatua ya kumi: nani alipiga?

Sasa umepata maiti, tafuta mshukiwa. Wapo wanne, na kesi dhidi ya kila mmoja ina tundu.

Wa kwanza ni elektroni. Mlipuko huzirusha chini kwa kasi kubwa, zinaigonga kromosfia iliyo juu ya fotosfia, inapata joto ghafla na kulipuka, na wimbi la mshtuko linashuka. Maelezo mazuri, na nukta za eksirei kali mara nyingi huangukia penye pigo. Tundu lake: kromosfia ni nyepesi mno ukilinganisha na fotosfia, na mshtuko hupoteza nguvu nyingi kama mwanga kabla haujafika chini. Wa pili ni protoni, ambazo ni nzito na huzama zaidi, lakini kuziona zikifanya kazi ni vigumu. Wa tatu ni mwanga wenyewe: mng'ao wa mlipuko huipasha fotosfia kutoka juu, nayo inafura. Matetemeko kadhaa yamekaa juu ya mabaka ya mwanga mweupe, ila kuna mabaka mengi yasiyo na tetemeko lolote.

Wa nne ni sumaku. Mlipuko ukipita, uga wa sumaku karibu na uso hulala zaidi kuliko ulivyokuwa, na kubadilika huko kwa ghafla kunaweza kuisukuma gesi chini, kama kamba iliyokazwa inavyorusha mkono ikikatika. Ndiyo sababu nilikuambia uombe ramani za sumaku. Chora nguvu ya uga penye pigo dhidi ya muda. Ukiona ngazi, hatua moja ya ghafla isiyorudi, mshukiwa huyu alikuwa eneo la tukio. Kwenye mlipuko wetu wa Februari 2011, watafiti waliona vyanzo viwili, karibu na miguu miwili ya kamba kubwa ya sumaku iliyokuwa ikiinuka na kurushwa angani.

Halafu kesi ikavurugika. Mwaka 2020 Lindsey, Juan Carlos Martínez Oliveros na wenzao waliuchunguza ule M9.3 wa Julai 2011 kwenye midundo ya haraka sana, hadi milihezi 10, wakapata kwamba chanzo kilikuwa takriban kilomita 1,000 chini ya fotosfia. Hakuna kati ya washukiwa wetu anayefika huko kirahisi. Ni kama kuusikia mlango ukigongwa, ukaufungua na kukuta bisho lilitoka chini ya sakafu. Mimi nadhani tunakosea kutafuta mkono mmoja kwa matetemeko yote, na kwamba mlipuko wakati mwingine huchokoza tu kitu kilichokuwa kimejibana chini. Hayo ni mawazo ya mwalimu wa Eastlands, yapime hivyo.

Kabla jirani hajakutumia ujumbe

Mtu atakuuliza kama tetemeko la Jua linaweza kuangusha nyumba Pipeline. Haliwezi. Sauti haivuki ombwe lililo kati yetu na Jua. Kinachotufikia ni mwanga na eksirei za mlipuko, baada ya dakika nane, na hizo huivuruga ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, upande wa Dunia ulio mchana. Mlipuko wa X9.3 wa tarehe 6 Septemba 2017 ulifika kilele 12:02 UT, yaani saa tisa na dakika mbili alasiri kwetu, Jua likiwa juu. Mlipuko wa namna hiyo huweza kunyamazisha redio za masafa mafupi, zile zinazotegemewa na ndege na meli. Nyumba za Pipeline zina maadui wengine.

Ukishafaulu mara moja

Rudia kwa ule M9.3 wa tarehe 30 Julai 2011, kilele 02:09 UT, dirisha la 01:45 hadi 03:45. Utakuta viwimbi vinavyoonekana waziwazi zaidi ya vya X2.2, na hapo ndipo utaamini yale ya kofi na ngumi. Huo ukikukubali, nenda kwenye ule wa 6 Septemba 2017, dirisha la 11:45 hadi 13:45. Huo una vyanzo zaidi ya kimoja, viwimbi vinagongana, eneo limesogea magharibi mwa katikati, na kitovu kimoja cha miduara hakitatosha. Sisi bado tuko kwenye huo. Tumekata vipande vinne vya chapati, viwili vimetoa utepe, na viwili vina mchafuko ambao yule msichana hakubali tuuite tetemeko.